Mzio Usiofutika: Kufanya Kazi za Resini Nyumbani kwa Usalama

Utangulizi

Katika miji mingi ya Afrika Mashariki, kazi za mikono za resini zimehamia majumbani. Hereni zenye maua makavu ndani yake, vishikio vya funguo vyenye majina, sinia, saa za ukutani na meza za mbao zilizojazwa resini ya rangi ya bahari hutengenezwa sebuleni, jikoni, varandani au katika chumba cha uani. Mtaji wa kuanzia ni mdogo, wateja hupatikana kwa simu, na kazi yenyewe humfaa mama anayelea watoto, mwanafunzi wa chuo na seremala anayetafuta kipato cha ziada.

Kazi hiyo ina hatari ambayo haionekani siku ya kwanza wala, mara nyingi, mwezi wa kwanza. Resini ambayo haijaganda inaweza kuufundisha mwili mzio wa ngozi, na mzio huo ukishajengeka, kwa kawaida hudumu maisha yote. Hakuna dawa inayoufuta. Aliyeupata aghalabu hulazimika kuacha kazi iliyokuwa ikimpatia riziki, na baadhi ya vifaa vya tiba, hususan vya meno, huweza kumletea shida baadaye. Kwa hiyo kinga yenye maana ni ile inayoanza na tone la kwanza, kabla ngozi haijawasha hata mara moja.

Somo hili limeandikwa kwa makundi mawili. La kwanza ni la wanaofanya kazi za resini nyumbani pamoja na jamaa wanaoishi nao. La pili ni la wahudumu wa afya wanaowapokea watu hao wakiwa na vidole vilivyopasuka au kope zilizovimba, na ambao kwa urahisi wanaweza kuwatibu fangasi isiyokuwapo.

Aina za resini

Resini za kazi za mikono ni kemikali za majimaji, nyingine nzito kama asali, ambazo hugeuka kuwa plastiki ngumu. Aina nne ndizo zinazopatikana zaidi, na kila moja ina hatari yake.

Ya kwanza ni epoksi, inayouzwa katika chupa mbili. Chupa A ina resini yenyewe, na chupa B ina kigumishi, ambacho kwa kawaida ni kemikali za jamii ya amini. Mmoja wa wavumbuzi wa epoksi, Pierre Castan wa Uswisi, alikuwa katika miaka ya 1930 akitafuta malighafi ya kutengenezea meno ya bandia. Leo epoksi hutumika katika gundi, rangi za sakafu, boti, vifaa vya umeme na mapambo. Chupa A ni miongoni mwa visababishi vinavyojulikana sana vya mzio wa ngozi duniani, na chupa B huunguza ngozi na macho na pia huweza kuleta mzio.

Ya pili ni resini inayoganda kwa taa ya urujuanimno. Hii huuzwa katika chupa moja, na kemikali zake ni za jamii ya akrilati na methakrilati. Ni jamii ileile iliyomo katika rangi za kucha za jeli zinazogandishwa kwa taa saluni. Mtu anayetengeneza vidani kwa resini hii na kubandika kucha za jeli huigusa jamii moja ya kemikali kwa njia mbili.

Ya tatu ni poliesta, inayotumika zaidi katika faibaglasi ya magari na boti, na ambayo hununuliwa na baadhi ya mafundi wa mapambo kwa kuwa bei yake ni nafuu. Hutoa mvuke mkali wa stairini, na kigandishi chake ni peroksaidi inayoweza kupofusha jicho.

Ya nne ni poliuretani, inayoganda kwa dakika chache. Ina isosaianeti, kemikali zinazojulikana kwa kusababisha pumu. Aliyepata pumu kwa njia hiyo anaweza kubanwa kifua vibaya kwa kuvuta kiasi kidogo sana.

Resini yoyote iliyoganda kikamilifu haina hatari kubwa kwa ngozi. Hatari imo katika majimaji, katika mvuke, katika matone yaliyosahaulika juu ya meza, na katika kitu kinachoonekana kigumu kumbe ndani hakijamaliza kuganda. Epoksi ya mapambo hushikika baada ya siku moja hadi tatu, lakini huhitaji takriban siku saba ili kukamilika.

Jinsi mwili unavyojifunza mzio

Molekuli ndogo zaidi ya resini ya epoksi ina uzito wa takriban 340, udogo unaoiwezesha kupenya tabaka la juu la ngozi. Ikishaingia hujishikiza kwenye protini za mwili. Seli za ulinzi zilizomo ndani ya ngozi huichukua, huipeleka kwenye tezi za limfu, na huko seli T hufundishwa kuitambua kama adui. Hatua hii huchukua siku 10 hadi 14 au zaidi. Haiwashi, haiumi na haiachi alama.

Kemikali ileile ikirudi kwenye ngozi baada ya hapo, seli zilizofundishwa hukusanyika mahali ilipogusa na kuleta uvimbe, wekundu, malengelenge na muwasho. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huenda usionekane; badala yake ngozi huonekana kuwa na rangi ya zambarau au kijivu, au nyeusi zaidi ya ilivyokuwa. Dalili hizi huanza saa 24 hadi 72 baada ya mguso, na ucheleweshaji huo ndio unaowapotosha wengi. Mtu humimina resini Jumamosi, mikono huwasha Jumatatu, naye huilaumu sabuni aliyofulia Jumapili.

Mambo matatu yafuatayo yanapaswa kueleweka vyema. Kwanza, mzio waweza kujengeka baada ya wiki chache au baada ya miaka ya kazi isiyo na tatizo. Kutowasha kwa miezi sita hakuthibitishi kwamba ngozi ya mtu ni ngumu. Pili, mzio ukishajengeka, kiasi kidogo sana kinatosha kuuamsha. Tatu, kubadilisha chapa hakusaidii, kwa kuwa chapa nyingi zina molekuli ileile. Maneno kama “haina harufu”, “ya asili” au “salama kwa mazingira” hayamaanishi kwamba resini hiyo haileti mzio.

Mzio utofautishwe na mchochota wa kuunguzwa, ambao hutokana na ukali wa kemikali yenyewe, hasa kigumishi. Huo waweza kumpata mtu yeyote, hata mara ya kwanza, na hutegemea kiasi kilichogusa ngozi na muda kilichokaa. Ngozi iliyokwisha kuunguzwa au kupasuka hupitisha kemikali kwa urahisi zaidi, na hivyo kuufungulia mzio njia.

Kuisoma lebo kabla ya kununua

Chupa nyingi huwa na maelezo ya Kichina au Kiingereza, lakini msimbo wa hatari hauhitaji lugha. Katika mfumo wa kimataifa wa kuainisha kemikali, herufi H hufuatwa na tarakimu tatu. H317 humaanisha kwamba bidhaa inaweza kusababisha mzio wa ngozi. H314 humaanisha kuwa huunguza vibaya ngozi na kudhuru macho. H315 na H319 huonya juu ya muwasho wa ngozi na macho, na H334 huonya kwamba kuivuta huweza kuleta mzio wa njia ya hewa au pumu. Mchoro wa kimiminika kinachotoboa mkono huashiria kemikali inayounguza.

Chupa isiyo na lebo, au resini iliyopimwa na kumiminwa katika chupa ya soda sokoni, isinunuliwe. Mnunuzi hatajua ni aina gani, na ajali ikitokea mhudumu wa afya naye hatajua.

Kujilinda wakati wa kazi

Glavu. Glavu za mpira wa asili zilizozoeleka zahanati hazifai, kwa sababu resini huzipenya upesi. Zitumike za nitraili, nazo zihesabiwe kuwa ngao ya muda mfupi: zikidondokewa zivuliwe papo hapo, na kwa resini za akrilati jozi moja isivaliwe zaidi ya dakika 30. Glavu nyembamba iliyokwisha kutumika isivaliwe tena kesho, kwa kuwa kemikali iliyobaki juu yake hufika mkononi wakati wa kuivaa. Anayefanya kazi kwa saa nyingi atafute glavu za tabaka kadhaa za plastiki zilizotengenezwa mahsusi kwa kemikali. Juu yake huweza kuvaa za nitraili ili ashike vitu vizuri. Krimu za kupaka kabla ya kazi hazichukui nafasi ya glavu.

Mavazi na macho. Shati la mikono mirefu, aproni na viatu vilivyofunika vidole huzuia matone. Miwani ya kinga iliyofunika pande zote ivaliwe hata kwa kazi ndogo, kwani tone moja la kigumishi laweza kuharibu mboni. Pete, saa na bangili zivuliwe, maana resini hujificha chini yake.

Hewa. Kazi ifanywe varandani au katika chumba chenye madirisha yanayotazamana, feni ikiusukuma mvuke nje badala ya kuurudisha usoni. Chumba cha kulala na jiko havifai, kwa sababu resini huendelea kutoa mvuke inapoganda wakati watu wamelala au wanapika. Barakoa ya hospitali haizuii mvuke wa kemikali, wala N95 haiuzuii; hiyo ya pili husaidia dhidi ya vumbi tu. Anayefanya kazi mara kwa mara au katika nafasi finyu anahitaji barakoa ya mpira yenye vichujio vya kaboni. Kwa mfumo wa Ulaya, kichujio cha mvuke wa kemikali za kikaboni hutambuliwa kwa herufi A na rangi ya kahawia, na cha amonia na amini kwa herufi K na rangi ya kijani. Poliuretani yenye isosaianeti haifai kabisa kwa kazi ya nyumbani.

Kupima na kuchanganya. Uwiano ulioandikwa na mtengenezaji ufuatwe bila kukadiria kwa jicho. Uwiano wa ujazo si sawa na uwiano wa uzito, kwa hiyo msomaji wa lebo aangalie ni upi uliotajwa. Kuongeza kigumishi ili kazi iwahi kuganda huacha amini isiyopata mwenza, na kifaa hubaki na mnato unaoendelea kumdhuru aliyekitengeneza na mteja atakayekivaa.

Joto. Epoksi huzalisha joto inapoganda, na mchanganyiko mwingi ndani ya kikombe kirefu unaweza kupita nyuzi 100 za Selsiasi, ukatoa moshi na kuyeyusha kikombe. Muda wa kufanyia kazi unaoandikwa kwenye chupa kwa kawaida hupimwa katika nyuzi 20 hadi 25. Kwa kanuni ya jumla, kila ongezeko la nyuzi 10 huupunguza muda huo kwa takriban nusu. Hivyo dakika 40 za kwenye lebo zaweza kuwa karibu dakika 20 katika adhuhuri ya Dar es Salaam au Mombasa. Fundi achanganye kidogo kidogo, afanye kazi asubuhi mapema, na mchanganyiko ukianza kupata moto autoe nje na kuuweka juu ya saruji au mchanga bila kuufunika.

Unyevu. Katika miji ya pwani, unyevu wa hewa na hewa ya ukaa hukutana na amini juu ya epoksi inayoganda na kuacha utando wenye mnato kama nta. Utando huo uoshwe kwa maji na sponji, glavu zikiwa mkononi. Kuusugua kwa msasa huusambaza tu.

Kusugua kwa msasa. Resini isipigwe msasa kabla ya kuganda kikamilifu. Ikishaganda, utumike msasa wa maji ili vumbi lisiruke, na barakoa ya N95 au inayolingana nayo ivaliwe. Vumbi lifutwe kwa kitambaa kibichi. Ufagio mkavu hulirudisha hewani.

Kunawa na kusafisha. Hapa ndipo wengi huumia. Resini ikigusa ngozi, mkono hufutwa kwa asetoni, spiriti au tina ya rangi kwa sababu vitu hivyo huiondoa haraka. Ukweli ni kwamba viyeyusho hivyo huondoa mafuta ya asili ya ngozi na kuieneza resini juu ya eneo kubwa zaidi, ikapenya kwa urahisi. Njia sahihi ni kuifuta kwa karatasi kavu, kisha kunawa kwa sabuni na maji mengi. Nguo iliyolowa ivuliwe mara moja.

Vyombo, watoto na taka. Vikombe, vijiko na mizani vya resini visirudi jikoni kamwe. Kifaa kilichotengenezwa kwa resini kisitumike kwa chakula au kinywaji cha moto, isipokuwa mtengenezaji wa resini hiyo ameitaja wazi kuwa inafaa kwa chakula. Chupa zihifadhiwe kabatini chini ya kufuli, katika vyombo vyake vya asili. Watoto wasishirikishwe kumimina, hata kwa kuweka pambo juu tu. Mjamzito au mama anayenyonyesha ni vyema amwachie mtu mwingine hatua ya kuchanganya na kumimina. Mabaki yaachwe yagande nje ndipo yatupwe. Yasimwagwe kwenye karo wala mfereji, na vipande vilivyoganda visichomwe motoni.

Huduma ya kwanza

Jicho: lioshwe mara moja kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15 hadi 20 huku kope zikiwa zimefunguliwa, kisha mgonjwa apelekwe kituo cha afya bila kusubiri maumivu. Kigumishi ni cha alkali, na alkali huendelea kupenya ndani ya jicho hata maumivu yakipungua.

Kumeza: mgonjwa asukutue mdomo kwa maji. Asitapishwe, asipewe maziwa, ndimu wala mafuta kwa nia ya kuvunja nguvu ya sumu, na apelekwe hospitali pamoja na chupa yenyewe.

Kubanwa kifua, kukohoa au kizunguzungu: mgonjwa atolewe kwenye hewa safi. Pumzi ikiendelea kubana, huo ni wito wa dharura.

Kwa mhudumu wa afya: kuutambua ugonjwa

Dalili hujitokeza pale resini inapogusa. Kwenye mikono huonekana malengelenge madogo, ukavu na mipasuko kwenye ncha na pande za vidole. Kwa mtumiaji wa resini ya taa au kucha za jeli, ncha za vidole huweza kuchubuka na kucha kuinuka kutoka kwenye kitanda chake. Kope na uso huvimba kutokana na mvuke, vumbi au vidole vilivyojigusa, na kwa baadhi ya wagonjwa uso huathirika zaidi kuliko mikono.

Ugonjwa huu huchanganywa na fangasi, upele wa utitiri na pumu ya ngozi ya kurithi. Fangasi ya mkono mara nyingi hushika mkono mmoja na huwa na ukingo uliovimba unaosambaa polepole. Ikishukiwa, magamba yapimwe kwa hadubini kabla ya kuanza dawa. Upele wa utitiri huwasha zaidi usiku na aghalabu huwapata wengine nyumbani. Kinachouashiria mzio wa mguso ni kupata nafuu mtu anapokuwa mbali na kazi na kuugua tena anaporudi.

Mfano ufuatao umetungwa kwa ajili ya mafunzo. Mwanamke wa miaka 28 anafika zahanati akiwa na kope zilizovimba na mipasuko kwenye dole gumba na kidole cha shahada cha mkono wa kushoto. Amesumbuka kwa miezi miwili. Ametibiwa fangasi mara mbili bila mafanikio. Alipokwenda kijijini kwa wiki tatu ngozi ilipona. Aliporudi mjini ikawa vilevile. Kwenye kadi yake, sehemu ya kazi imeandikwa “mama wa nyumbani”.

Mhudumu anauliza: “Dada, ukiacha kupika na kufua, mikono yako hufanya shughuli gani nyingine? Hata ile ya kujifurahisha tu.”

Mgonjwa anajibu: “Hakuna kazi, daktari. Labda zile hereni ninazotengeneza jioni. Lakini hizo ni vitu vidogo tu, nawauzia marafiki.”

Jibu hilo linabeba utambuzi wote. Kalibu hushikwa kwa mkono wa kushoto wakati wa kulia ukimimina, nazo kope huguswa na vidole hivyohivyo. Mgonjwa hakuficha chochote. Hakuihesabu shughuli hiyo kuwa kazi. Swali “Unafanya kazi gani?” halitoshi kwa wagonjwa wa namna hii. Yafaa mhudumu aulize pia kuhusu gundi, rangi, kucha za jeli, ukarabati wa nyumba na vitu vinavyotengenezwa kwa ajili ya kuuza. Inafaa pia kumwomba mgonjwa alete chupa zenyewe au picha za lebo zake.

Uthibitisho hupatikana kwa kipimo cha vibandiko. Kemikali zilizopimwa viwango huwekwa kwenye vibandiko mgongoni kwa siku mbili. Ngozi husomwa vinapobanduliwa, tena siku ya tatu au ya nne, na ikiwezekana karibu siku ya saba. Epoksi hupimwa katika mafuta ya petrolatamu kwa asilimia 1, na hidroksiethaili methakrilati, inayowakilisha akrilati, kwa asilimia 2. Kemikali hii ya pili iliongezwa kwenye orodha ya msingi ya Ulaya mwaka 2019, baada ya mzio wa akrilati kuongezeka kutokana na kucha za jeli. Resini ghafi ya mgonjwa isibandikwe mgongoni kwa majaribio, kwa kuwa huweza kumuunguza au kumfundisha mwilini mzio ambao hakuwa nao. Kipimo hiki hakipatikani kila mahali. Pale kisipokuwapo, historia nzuri na kujitenga na resini kwa wiki kadhaa hutoa mwelekeo wa kuaminika.

Tiba

Msingi wa tiba ni kuacha mguso. Bila hilo, dawa hutuliza kwa siku chache tu. Steroidi ya kupaka yenye nguvu hutumika mikononi kwa muda mfupi unaosimamiwa, na yenye nguvu ndogo usoni na kwenye kope. Mafuta mazito yasiyo na manukato hupakwa mara nyingi kwa siku ili kurejesha kizuizi cha ngozi. Hali ikiwa kali, daktari huweza kutoa prednisoloni ya kumeza. Dawa za kuzuia histamini husaidia kidogo, kwa kuwa mzio huu huendeshwa na seli T. Antibiotiki hutolewa pale tu penye dalili za maambukizi.

Wagonjwa waonywe kuhusu krimu za mchanganyiko wa steroidi, dawa ya fangasi na antibiotiki zinazonunuliwa bila ushauri. Huleta nafuu ya haraka, humpa mtu ujasiri wa kurudi kwenye resini, huuficha ugonjwa halisi na, zikitumika kwa muda mrefu, huifanya ngozi kuwa nyembamba.

Kuishi na mzio uliokwisha kujengeka

Mgonjwa anapoambiwa aache resini, anaambiwa aache kipato. Mhudumu asilipite jambo hilo kwa haraka. Tofauti na mwajiriwa wa kiwandani, fundi wa nyumbani kwa kawaida hafikiwi na mkaguzi wa usalama kazini, hana mwajiri wa kumhamishia idara nyingine, na hakuna atakayemlipa fidia. Mazungumzo yafanyike juu ya kile kinachowezekana: kuhamia kwenye shanga, udongo, ushonaji au mbao zisizo na resini, kubaki katika uuzaji na kazi za mapambo zisizogusa resini, au kumwachia mwenzake hatua ya kumimina, mradi ifanyike nje ya nyumba anamoishi na mwenzake huyo ajilinde tangu siku ya kwanza.

Mgonjwa apewe maandishi yenye jina la kemikali iliyomletea mzio, ayahifadhi pamoja na kadi yake ya matibabu. Ayaonyeshe kwa daktari wa meno, kwa kuwa baadhi ya dawa za kuzibia mizizi ya meno zina epoksi na vijazio vingi vya meno vina methakrilati. Ayaonyeshe pia kabla ya upasuaji wa mifupa unaotumia saruji ya mifupa, na anapobandikwa vifaa vya kitabibu vyenye gundi. Taarifa hiyo humwezesha mtaalamu kuchagua kifaa kingine au kuchukua tahadhari.

Maswali ya kujipima

1. Fundi amefanya kazi za epoksi kwa mwaka mzima bila glavu wala muwasho. Je, anaweza kuendelea hivyo? La. Mzio huweza kujengeka baada ya miaka, na hatua yake ya kwanza haina dalili.

2. Resini imemwagika kiganjani na pembeni kuna chupa ya asetoni. Afanye nini? Aifute kwa karatasi kavu, kisha anawe kwa sabuni na maji. Asetoni isiguse ngozi.

3. Mgonjwa mwenye mzio wa epoksi anauliza kama chapa ya bei ghali isiyo na harufu itamfaa. Ajibiwe nini? Haitamfaa, harufu haihusiani na mzio, na molekuli inayomdhuru huenda ni ileile.

4. Zahanati ina glavu za mpira wa asili tu. Je, fundi wa resini apewe hizo? Asipewe kama kinga ya resini. Aelekezwe kutafuta za nitraili na kuzibadilisha kila zinapochafuka.

5. Ni swali gani la kumuuliza kila mgonjwa mwenye mchochota wa mikono usiopona? Aulizwe mikono yake hufanya nini, kazini na nyumbani, kwa malipo na kwa kujifurahisha.